Moto wa Mlango wa Pili

Mwanjelwa, Mbeya
9 Mei 1976

Shangazi yangu Jaha,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii inayoanza? Huku mvua zimekatika, ukungu wa asubuhi unalala mpaka barabarani, nami navaa lile sweta ulilonifuma, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe. Kazini pako vilevile. Nakaa stoo na saruji kutwa. Malori yakija naandika yanachobeba, yasipokuja naongea na mifuko. Haijibu, lakini pia haina ugomvi.

Sasa nikupe habari njema. Mwanao ni mtu mashuhuri. Alhamisi mtangazaji alisoma kadi yangu ya salamu nzima bila kuruka jina hata moja, akasema, "Huyu Mtoto wa Mlandege hachoki." Ndilo jina langu hewani. Nasalimiwa na watu wa Tunduma, wa Njombe, wa Songea, na mmoja wa Kigoma ambaye hatujawahi kuonana, ananiita pacha. Tukuyu nina rafiki anaitwa Lutengano. Huyo hatumi kadi bila kunitaja. Jioni nikirudi chumbani nafungua redio nangoja, na likitoka jina langu moyo unaruka.

Wewe nakutaja kila kadi. Ile redio niliyokununulia bado inashika vizuri? Basi mbona hata siku moja hujaniandikia kwamba umenisikia? Nauliza tu.

Kipindi kikiisha chumba kinanyamaza sana, lakini hilo si jambo la kuandikia barua. Nisalimie jirani zetu wote wa Mlandege, na zaidi Bi Rukia wa mlango wa pili.

Mwanao,
Othmani Selemani


Mlandege, Iringa
30 Mei 1976

Mwanangu Othmani,

Marahaba. Magoti ni yangu, niachie mwenyewe. Sisi hatujambo. Mandazi yanatoka siku ngano inapopatikana. Kalista wa pale kona kajifungua mtoto wa kike, kichwa chote nywele. Mbuzi wa mzee Filemoni aliingia msikitini saa ya adhuhuri akafukuzwa kwa kandambili, na mzee Filemoni mpaka leo anapita njia ya nyuma kwa aibu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema mwandiko wangu sasa unasomeka, kwa hiyo usije ukasema hukunielewa.

Redioni nimekusikia. Unasema u mzima wa afya. Nami nikiwa jikoni nikaijibu redio, nikasema haya, na sisi wazima, umekula nini leo? Ikaendelea na watu wa Songea. Ndiyo sababu sikukuandikia. Sikujua nimwandikie nini mtu aliyekwisha kupita mlangoni kwangu bila kukaa kitako.

Halafu barua yako nimeisoma, nikairudia, natafuta kitu nisikione. Umenitajia Tunduma mpaka Kigoma. Hukunitajia mtu hata mmoja mnayelala ukuta mmoja. Chumba cha kulia kwako anakaa nani? Cha kushoto je? Siku ukiamka huna sauti, nani atajua kabla ya harufu? Unisamehe kwa kusema hivyo, lakini baba yako aliniachia mtoto, hakuniachia jina la kusikiliza hewani. Nataka nijue una mtu huko. Mpaka nijue, silali vizuri.

Sweta ulilete nilifumue mkono.

Shangazi yako,
Jaha


Mwanjelwa, Mbeya
27 Juni 1976

Shangazi,

Shikamoo. Mbuzi wa mzee Filemoni kanichekesha peke yangu stoo, mpaka dereva mmoja akaniuliza saruji imesema nini. Hongera nyingi kwa Kalista. Huku asubuhi maji ya ndoo yanauma mkono.

Nilikujibu mapema kwa hasira, ile barua nikaichana. Niliona kama umenidharau. Jumapili iliyofuata nikasema ngoja nikuonyeshe kama nina watu, nikapanda basi nikaenda Tukuyu kwa Lutengano. Nilimchukulia sukari.

Mwaka mzima mtu huyu ananiita redioni ndugu yangu wa tumbo moja. Nikapiga hodi nikasema, "Ni mimi, Mtoto wa Mlandege." Kwanza alinitazama kama mgambo wa kodi. Baadaye akafurahi, siwezi kumsingizia. Akanipa chai na ndizi za kuchemsha, tukakaa. Hakuniuliza nina mzazi au sina, wala nafanya kazi gani. Aliniuliza, "Jumanne ulinisikia?" Nikasema nilikusikia. Nikamwuliza, "Na wewe Alhamisi?" Akasema alinisikia. Yakaishia hapo.

Saa ya kipindi ilipofika akafungua redio, akaniashiria ninyamaze. Tukakaa kimya tunangoja jina lake litajwe, na mimi niliyetoka Mbeya kumsalimu nipo mbele yake na kikombe mkononi. Halikutajwa, akanuna. Nikaaga.

Ndani ya basi la kurudi niliumia kweli. Si kwamba Lutengano ni mtu mbaya. Niliumia kwa kuwa angekuja yeye kwangu ningefanya vilevile. Tangu siku hiyo redio naifungua kwa mazoea tu, na wale watu wote wananiita jina langu, mimi nawaona wako mbali kama zamani, tena mbali zaidi.

Umeniuliza chumba cha kulia. Kuna mwanamke na mtoto mdogo wa kike. Mtoto nakijua kikohozi chake, jina silijui. Mume nadhani ni dereva, huja na kuondoka. Cha kushoto kimefungwa. Ndiyo hali yangu, nimekwambia.

Bi Rukia hajambo? Nilikuagiza umsalimie, hukunijibu.

Othmani


Mlandege, Iringa
18 Julai 1976

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tupo, baridi haijatumaliza. Mtoto wa Kalista ameanza kucheka. Mzee Filemoni kamuuza mbuzi.

Barua yako imenitia huruma, na imenifurahisha pia, maana ni ya kwanza uliyoniandikia mimi. Zile nyingine ulikuwa unatangaza. Sasa sikiliza. Kosa lako ni kiberiti.

Usicheke. Ulipokuwa mdogo hapa kiberiti kilikuwepo juu ya kabati, wewe ukidhani hakipo. Kila asubuhi nilikutuma mlango wa pili na kigae ukapalie moto. Unadhani nilikosa cha kuwashia? Nilitaka kila siku kabla jua halijapanda mtu wa kule akuone, na wewe umwone, na nijue huko wameamkaje bila kuuliza. Ulikuwa ukirudi na makaa mawili na habari za nyumba nzima. Siku uliyougua surua hukwenda, na kabla sijafunga kilemba wakaja wenyewe kuuliza mtoto wa moto yuko wapi.

Sasa wewe una kiberiti, una redio, una kufuli. Hukosi kitu, kwa hiyo humhitaji mtu, na mtu hana la kukufuatia. Kifiche hicho kiberiti. Asubuhi chukua kigae, nenda kwa huyo mwanamke wa kulia. Piga hodi usimame upande, usichungulie ndani. Umwulize kwanza wameamkaje, na kikohozi cha mtoto. Halafu ndiyo uombe. Ukipewa usikimbie kama umeiba, moto hauzimiki kwa maneno mawili. Kesho nenda tena. Kesho kutwa tena. Mwezi mmoja, halafu uniandikie.

Ukiona haya, ona haya huku unakwenda.

Jaha


Mwanjelwa, Mbeya
22 Agosti 1976

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Pole kwa kungoja, nilikuwa na sababu na utaiona. Mimi sasa sijambo. Neno "sasa" nimeliweka kwa makusudi.

Kiberiti nilikificha juu ya kenchi, chini ya bati. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango wangu, nawasikia wanaongea. Nikaenda kazini bila chai. Siku ya pili vilevile, baridi ikanionyesha cha mtema kuni. Ya tatu nikasema potelea mbali. Kigae sikuwa nacho, nikachukua kifuniko cha kopo la rangi, nikapiga hodi.

Akatoka yule mama, akanitazama, akakitazama kifuniko. Nikamwamkia, nikauliza kikohozi cha mtoto. Akasema, "Wewe si ndiye Othmani wa redioni?" Nikasema ndiye. "Sisi tunalisikia jina lako humu ukutani kila siku. Tukasema huyu ana watu wake kila mkoa, tusimsumbue." Halafu akaniuliza taratibu, "Na moto huna?" Nikamwambia, "Sina, mama."

Akanipa. Kifuniko kikapata moto nikakitupa uani, makaa yakatawanyika, mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikakuta kigae kimeegeshwa mlangoni kwao, cha kwangu. Mtoto ndiye Tusekile, ana miaka minne. Mama yake ni Mnyakyusa wa Rungwe, na mumewe, Fanueli, anaendesha lori la mbao za Mafinga. Sasa nikifika naamkia "mugonile" kama wao, Tusekile ananisahihisha namna ya kuitamka. Yeye ananiita Moto.

Sasa ile sababu. Wiki mbili zilizopita homa ilinishika stoo, nikarudi nikajilaza, na asubuhi sikuweza kuinuka. Redio ilikuwa inajiimbia tangu jana yake, mkono wa kuizima sina. Jua halijafika dirishani nikasikia hodi. "Leo hukuja kuchukua moto," anasema Mama Tusekile. Nilijaribu kujibu, ikatoka sauti ya kuku. Akasukuma mlango, akaniona, akarudi na uji.

Hapo ndipo mtangazaji wa salamu za asubuhi akasoma kadi niliyoituma mwezi wa sita. Unajua zinavyochelewa. "Othmani Selemani, Mtoto wa Mlandege, mzima wa afya, anawasalimu," na majina yote, Tunduma, Songea, pacha wa Kigoma, Lutengano. Mama Tusekile kanishika paji la uso, kijiko mkono wa pili, akasema, "Huyu anasema mzima." Tulicheka wote wawili, mimi huku machozi yananitoka. Fanueli alinipeleka zahanati juu ya lori, nikachomwa sindano.

Lala usingizi sasa. Nina mtu huku.

Ramadhani njema, imekaribia. Lakini barua yako ilisema mlango wa pili, hukusema kwa nani. Bi Rukia yu hai?

Moto, yaani
Othmani


Mlandege, Iringa
12 Septemba 1976

Mwanangu,

Marahaba, na ahsante kwa Mungu. Barua yako nilimsomea Kalista, nikamsomea na mzee Filemoni, akasema na yeye angetaka kujua neno la Kinyakyusa la kuamkia. Mwambie huyo mama kwamba mimi na yeye tumekwisha kuwa ndugu, atake asitake. Akija Iringa asilale kwingine.

Funga inakwenda vizuri. Najifuturisha uji na tambi. Chungu ni kidogo, mtu mmoja hapiki sana.

Rukia yu hai. Unaniuliza sana ya Rukia. Niulize ya mvua.

Jaha


Mwanjelwa, Mbeya
24 Oktoba 1976

Shangazi yangu,

Shikamoo. Idd ilikuwa njema. Mwezi mzima Mama Tusekile alinipikia ndizi za futari, ingawa yeye ni wa kanisani, na saa ya kufuturu Tusekile alikuwa akikaa mlangoni kwangu anachungulia jua kwa niaba yangu. Siku ya Idd nikapika pilau, nikaunguza chini, wakala juu. Stoo nimewazoea wapakiaji, wanakuja kunywa chai kwangu. Kadi za salamu zimebaki kadhaa ndani ya kopo. Kipindi kinapita mara nyingine nisikumbuke.

Nimeanza na raha zangu kwa sababu yanayofuata hutayapenda.

Nilimwomba Fanueli safari hii ya mbao afike mpaka kwako Iringa. Karudi, anakushukuru kwa chai. Nilimwuliza habari zako neno kwa neno, kama ulivyonifunza. Akasema shangazi yako ni mcheshi, anasema kama bunduki. Ila akasema kuwasha moto ilikuwa kazi. Ulivunja njiti moja baada ya nyingine, upepo unazima, na pale mlango wa pili moshi unapanda mzuri tu. Akakwambia, "Mama, nikakuombee moto hapo?" Ukamwambia, "Kaa, wewe mgeni." Na akasema kati ya milango yenu nyasi zimeota mpaka magotini.

Alipokuwa anawasha lori Bi Rukia alimfuata. Alisema hivi: "Mwambie Othmani kadi yake ya Idd ya mwaka jana ilinitaja mimi kabla ya shangazi yake. Nami nikafanya utani bombani mbele za watu, nikasema kwa Othmani mimi ndiye wa kwanza. Jaha akabeba ndoo yake akaondoka. Tangu hapo moto wangu hautaki, na mimi naona haya kwenda kwake."

Shangazi, miezi hii yote ulinilazimisha kupiga hodi kwa watu nisiowajua, na wewe unavunja njiti.

Lile jina nililiandika mimi, kwa hiyo nikueleze. Niliyapanga majina kwa namna nilivyoikumbuka Mlandege. Nikifumba macho naikumbuka asubuhi, na asubuhi yangu ilianzia mlangoni kwa Bi Rukia nikiwa na kigae, kwa kuwa wewe ndiye uliyenituma. Halafu ndipo nilirudi kwako. Ndivyo kadi ilivyokwenda, kwake kwanza, kwako ndiko nikakaa.

Juzi nilitoa kadi nikaandika jina lako la kwanza, kwa herufi kubwa, ili nchi nzima isikie. Nikaitazama nikaona aibu. Nimechochea nayo moto. Redio ilikukosanisha na jirani, haiwezi kukupatanisha. Mtoto wako wa kutuma hayupo, nenda mwenyewe.

Ukiona haya, ona haya huku unakwenda.

Othmani


Mlandege, Iringa
21 Novemba 1976

Mwanangu Othmani,

Marahaba. Mvua zimeanza, tena za kweli, na barua yako nimekaa nayo. Mtoto wa Kalista anaota jino. Mzee Filemoni kanunua mbuzi mwingine, na huyo naye macho yake si mazuri.

Nilikukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Nilisema mtoto niliyemfuta kamasi leo ananirudishia maneno yangu. Nilitaka kukuandikia kwamba hujui kitu, kwamba mtu akichekwa bombani mbele ya ndoo zote si utani. Kalamu ikashika, ikaacha. Yule Fanueli wako naye ana macho mengi mno kwa dereva.

Wala usijidai kwamba nilikwenda kwa sababu ya barua. Jumatano paa lilivuja juu ya kabati, kiberiti kikalowa chote. Ningeweza kukianika, lakini jua lenyewe liko wapi siku hizi. Nikatafuta kigae cha zamani, nikakikuta nyuma ya pipa, kile ulichokimega pembeni.

Zile nyasi zimenilowesha mpaka hapa kwenye kanga. Nikafika nikasimama upande. Nikapiga hodi, sauti ikatoka ndogo, nikapiga tena. Rukia akafungua. Amekonda, Othmani, nilikuwa simtazami nisijue. Tukatazamana. Nilikuwa nimepanga maneno, yakaniruka yote, nikamwuliza wameamkaje. Akasema hawajambo, na wewe je. Nikasema hatujambo, nimekuja kuomba moto.

Alikichukua kigae, akakiangalia pale pembeni kilipomegeka, akapitisha kidole. Kisha akainama jikoni, akaniuliza kama nataka makaa makubwa au madogo. Nikamwambia anipe makubwa, maana leo napika ya watu wawili.

Sasa hivi yuko hapa anachagua mchele, anasema sina adabu kuandika barua mbele ya mgeni. Leta lile sweta Desemba, tufumue mkono. Na uje na Tusekile kama mama yake ataruhusu, kuna nyasi za kukanyaga.

Tunakusalimu,
Rukia,
na shangazi yako Jaha